Tukishapiga makofi, gari linakaguliwa na nani?

Jamani, kuna habari moja ambayo kila mwandishi wa habari hapa Bongo ameshaiandika au ataiandika kabla hajastaafu. Kichwa chake mnakijua: "Kijana abuni gari". Picha ni ileile. Kijana kashika usukani anatabasamu, watoto wa mtaa wamejazana nyuma, na kama siku ni nzuri kuna kiongozi anampa mkono. Mimi nimeiandika. Nikapewa nafasi nzuri gazetini na nikatembea kifua mbele wiki nzima. Leo naisema vibaya habari hiyo, yangu ikiwemo.

Kilichonichokoza ni Waingereza. Mwaka 1996 mwalimu mmoja wa huko, Ron Champion, alitoa kitabu kupitia Haynes, wale wachapaji wa vitabu vya ufundi wa magari. Kitabu kinakuelekeza jinsi ya kujijengea gari la michezo nyumbani kwako kwa pauni 250. Magari yaliyozaliwa na kitabu hicho yakaitwa Locost, yaani Lotus ya bei chee.

Jambo la kwanza la kujifunza ni kwamba Champion hakujidai kubuni. Sura ya gari ni ya Lotus Seven, kigari cha viti viwili alichokitoa Colin Chapman mwaka 1957. Hicho nacho kiliuzwa vipande vipande kwa sababu isiyo na ushujaa wowote: kodi. Gari zima lilitozwa kodi ya manunuzi, vipande vikasalimika. Sharti likawa muuzaji asikupe maelekezo ya kuunganisha. Inasimuliwa kwamba Chapman akatia maelekezo ya kulifungua gari, mteja ajisomee kuanzia mwisho kurudi mwanzo. (Huyu angezaliwa Kariakoo tungemwelewa vizuri sana.) VAT ilipoingia Uingereza mwaka 1973 mchezo ukaisha, na mwaka huohuo haki za kulitengeneza zikachukuliwa na Caterham.

Sasa kazi yenyewe. Unanunua bomba za chuma za mraba, milimita 25 kwa 25, unazikata kwa vipimo vya kitabu na kuzichomelea mpaka upate fremu. Halafu unatafuta Ford Escort kuukuu, toleo la kwanza au la pili, kwa kuwa injini yake iko mbele na inasukuma magurudumu ya nyuma. Unaichinja. Injini, giaboksi, difu, stelingi na breki vyote vinahamia kwenye fremu yako. Ubavuni unapiga bati la alumini kwa riveti, pua na madigadi unanunua ya faibaglasi. Kwisha.

Kwisha wapi! Pauni 250 waliifikia wachache sana, wengi walitumia mara kadhaa ya hapo. Escort zenyewe zikageuka lulu kwa watu wa mbio za magari, ndiyo maana mwaka 2007 Chris Gibbs akaandika kitabu kingine cha namna hiyo akitumia Ford Sierra. Na fremu, inayopigwa picha na kusifiwa, ndiyo sehemu nyepesi. Kinachoua watu ni kumalizia. Waya za taa, mirija ya breki isiyovuja, tangi la mafuta lisilonuka, kiti kisicholegea, usukani usiogonga goti. Uingereza imejaa gereji zenye fremu iliyofunikwa turubai, na matangazo ya kuuza "gari lililobakia kidogo tu" ni mengi. Kidogo tu ndiyo hiyo hiyo miaka minne.

Kwa hiyo niliwaza, wale wanaomaliza wanamaliza kwa nini? Wana pesa, sawa. Wana gereji yenye paa na soketi. Lakini naona kuna kitu kingine ambacho hakigharimu sana, nacho ni mtihani.

Mwaka 1998 Waingereza waliweka utaratibu wa kukagua gari moja moja, hata kama limejengwa na mtu uani kwake. Tangu 2009 unaitwa IVA. Mkaguzi hakuulizi kiwanda chako kiko wapi. Anapima breki, moshi na kelele. Anatazama mkanda umefungwa kwenye nini, vioo vya pembeni vinaonyesha nini, usukani utamfanya nini dereva akigonga ukuta. Anapitia hata makali: ukingo unaoweza kumgusa mtu uwe na mviringo wa angalau milimita 2.5, ndiyo maana utawaona wajenzi wakivisha nati vikofia vya plastiki usiku wa kuamkia ukaguzi. Vigezo vyote vimeandikwa wazi, unavisoma hata kabla hujakata bomba la kwanza. Ukifeli unapewa karatasi ya makosa, unarudi nyumbani, unarekebisha, unakuja tena. Ukifaulu unaomba namba. Gari lisilojulikana umri wake linapewa namba inayoanza na herufi Q, na kuanzia hapo unapanga foleni barabarani na wenzako.

Hapa kwetu mafundi tunao, msiniambie hatuna. Wazee watakumbuka chai maharage, zile daladala zilizofungwa bodi na mabenchi na wachomeleaji wetu wenyewe. Mabasi mangapi ya mikoani yamevalishwa bodi hapa hapa juu ya chesisi ya lori? Kuchomelea si tatizo.

Tatizo ni kwamba tukisikia gari tunafikiria taifa. Kenya walijaribu hivyo. Rais Moi aliagiza mwaka 1986, Chuo Kikuu cha Nairobi kikaongoza kazi, mwaka 1990 magari ya Nyayo yakazinduliwa Kasarani. Yalijengwa matano, na kiwanda cha kuyatoa kwa wingi hakikuja. Uganda wakatoa Kiira EV pale Makerere mwaka 2011. Sibezi juhudi hizo. Ila zote ni za serikali na vyuo vikuu, na kijana mwenye mashine ya kuchomelea ya kuazima hazimsaidii kitu.

Wangu alikuwa na mashine ya kuazima. Fremu ya bomba za mraba, injini ya pikipiki, taa alizookota. Niliandika "abuni" kwa sababu mhariri alilitaka neno hilo, na kusema kweli nililitaka mimi pia. Alikuwa amenakili, na amenakili vizuri. Miaka miwili baadaye nilipita mtaani kwao kwa shughuli nyingine nikaona nimsalimie. Gari lilikuwa chini ya mwembe, kuku wanalala kwenye kiti cha abiria. Injini alishaiuza.

"Kaka, nilizungushwa," akaniambia. Kila dirisha alilokwenda waliuliza kampuni gani imelitengeneza. Akajibu ni yeye. Wakamwambia alete barua ya kampuni.

Najua mtanijibu kwamba magari ya uani yataua watu. Na mimi nasema hivyo hivyo! Niseme na lile ambalo sikuliandika: siku ile ya habari nilipanda gari lake tukazunguka uwanja wa mpira, na pale pembeni ya goli alikanyaga breki mara tatu ndipo tukasimama. Nilicheka. Sikuiandika kwa kuwa ingeharibu utamu. Mkaguzi mmoja mwenye karatasi angemwambia pale pale, breki zako hazifai, nenda karekebishe hiki na hiki, urudi. Angekasirika, halafu angekwenda kurekebisha. Badala yake alipata makofi yetu, yasiyomwambia chochote kuhusu breki.

Ombi langu kwa wenye mamlaka ni dogo: mlango mmoja wa kukagua gari moja, wenye masharti magumu lakini yaliyoandikwa, na ada inayoweza kulipwa na fundi. Kwetu waandishi naomba dogo zaidi. Ukitumwa tena kwenye habari hii, muulize kijana breki zake zinashika vipi, muulize mwenye ofisi nani atalikagua gari hili na lini, na urudi baada ya mwaka.

Wajenzi wa Uingereza huambiwa wapige picha kila hatua, maana siku ya mwisho wanatakiwa kuthibitisha kwamba gari wamelijenga wenyewe. Nilipomsimulia hilo rafiki yangu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kaka, zile picha zako bado unazo?"

Nimezitafuta jana usiku kwenye kompyuta. Ziko kumi na nne. Fremu inaonekana kwenye mbili. Kumi na mbili zilizobaki amekaa tu kwenye usukani, anatabasamu, kama nilivyomwambia.