MFALME, RAIS NA UJAMAA



Katika mikutano ya matawi swali hili linazuka kila mara: je, nchi yenye mfalme yaweza kuwa ya ujamaa? Na nchi yenye chama kimoja, hiyo ni ya ujamaa tayari? Wako wanaosema kwa nguvu kwamba ujamaa ni namna ya serikali. Sisi hatukubali.

Namna ya serikali ni habari ya nani anatawala, ameingiaje kitini na atatolewa vipi. Ujamaa ni habari ya mali: mashamba, viwanda, mabenki na reli ni vya nani, na faida yake inakwenda mfukoni mwa nani. Mtu akikuuliza nyumba hii ni ya nani, humjibu kwamba mlango wake ni mwekundu.

Tutazame Uingereza. Chama cha Leba kilishinda uchaguzi mwaka 1945. Tarehe 1 Januari 1947 migodi ya makaa ya mawe ilifanywa mali ya taifa, na mwaka 1948 reli zikafuata. Wakati huo wote Mfalme George VI alikuwa katika kiti chake, na upinzani ulikuwa Bungeni ukipiga kelele. (Na sisi huku tulikuwa tukitawaliwa na serikali hiyo hiyo bila kura. Ujamaa wao haukupanda meli.) Kisha ikaja serikali nyingine, na mwaka 1994 migodi iliyobaki ikauzwa kwa matajiri. Ufalme ni ule ule, Bunge ni lile lile. Kama namna ya serikali ndiyo inayoleta ujamaa, mbona mali iliingia mikononi mwa taifa na ikatoka, na serikali haikubadilika umbo?

Hapa kwetu ni vivyo hivyo. Kenya na Tanzania zote zilikuwa jamhuri, kila moja na Rais mwenye nguvu nyingi. Mwaka 1965 Serikali ya Kenya ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10, ikauita Ujamaa wa Kiafrika, lakini waraka wenyewe ulilinda mali ya mtu binafsi. Mwaka 1967 Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha na kutaifisha mabenki. Jina lilikuwa karibu moja, lakini mambo yalikuwa mbali mbali.

Basi wengine watasema, kumbe tusijali tunatawaliwa vipi, mradi viwanda ni vya serikali. Hapana, ndugu. Hapo ndipo wengi wamedanganyika. Poland iliitwa jamhuri ya watu, na karibu viwanda vyote vikubwa vilikuwa vya serikali. Mwezi wa Agosti 1980 wafanyi kazi wa karakana ya kuunda meli mjini Gdańsk waligoma. Walitoa madai 21, na la kwanza halikuwa mshahara. Lilikuwa haki ya kuwa na vyama vya wafanyi kazi vilivyo huru. Desemba 1981 jeshi likatangaza amri ya vita, na mwaka 1982 chama chao kikapigwa marufuku. Sasa tuulizane: kiwanda ni cha serikali, na mfanyi kazi hawezi kuiondoa serikali wala kugoma. Mwenye kiwanda ni nani? Sisi tunaona ni maofisa. Tajiri amebadili koti tu.

Jirani zetu Tanzania pia walionja kidogo. Mwaka 1964, kabla ya Azimio, vyama vyao vilivunjwa kwa sheria na kikawekwa kimoja, NUTA, na Katibu Mkuu wake akateuliwa na Rais. Tunasema haya bila chuki, kwa maana Azimio lenyewe lilikuwa na mengi mema.

Kwa hiyo mfalme hazuii ujamaa na Rais hauleti. Lakini mali ya umma isiyo na sauti ya umma hatuwezi kuiita ujamaa, hata bendera iwe nyekundu namna gani. Ndugu walio na maoni mengine wayaandike na kuyapeleka kwa katibu wa tawi, nasi tutayachapa.