Baba Anaporejea Kutoka Vitani



Mwezi uliopita nilialikwa Kericho kwenye akika. Aliyenialika ni binti niliyemsomesha chuoni huku Mombasa tangu alifu mpaka akahitimu, na ambaye leo ni mke wa askari wa Jeshi la Ulinzi, Mkipsigis wa upande wa Bomet aliyesilimu kabla ya kumwoa. Mtoto mchanga alizaliwa baba akiwa Somalia, na akika ikaahirishwa mpaka arejee. Nasimulia haya kwa idhini yao wote wawili.

Tulikuwa tumekwisha kula mvua ilipoanza. Anayeijua Kericho anajua kwamba mvua ya alasiri huko mara nyingi huja na mawe, na mawe yale yakipiga bati, hamsikilizani. Mwenye nyumba aliinuka ghafla, akaegemea ukuta karibu na mlango, mikono ikimtetema, macho yakiwa mbali nasi. Mwanawe wa kwanza, wa miaka mitano, alikimbilia nyuma ya nyanya yake. Mvua ilipokatika baba alitoka nje akaelekea mashamba ya chai bila kusema neno.

Mama yao aliniambia baadaye, mama mkwe wake akiwapo: “Maalim, mwaka mzima nimemwomba Mungu amrudishe. Sasa amerudi, na mtoto ananiuliza ataondoka lini.”

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nimelitafuta njia nzima ya kurudi, na ninayoyaandika leo ndiyo niliyoyapata.

Tangu majeshi yetu yalipoingia Somalia mnamo Oktoba 2011, nyumba nyingi za Kenya zimeonja safari hizi, za huku kwetu Mtongwe na Lamu zikiwamo. Iwapo jeshi lilistahili kwenda au la, hilo lina mahali pake pa kujadiliwa, wala si ukurasa huu. Hapa nasema juu ya mtoto. Baada ya shambulio la El Adde la Januari 2016 tulijifunza kuwaombea waliokufa na kuwafariji wajane. Aliyerudi salama tulimwambia alhamdulillahi, tukamwachia mkewe.

Katika adabu za safari alizotufundisha Mtume wetu (s.a.w.) ni kwamba mtu aliyeghibu muda mrefu asiwaingilie ahli zake usiku bila ya taarifa. Sahaba Jabir (r.a.) amepokea kwamba walikuwa wakirejea kutoka katika vita, wakafika karibu na Madina wakitaka kuingia moja kwa moja, wakaamriwa wangoje kwanza ili mke apate kujitengeneza. Miaka mingi nimeisomesha hadithi hii kama adabu baina ya mume na mke. Siku ile nilianza kumwona na mtoto ndani yake. Nyumba inahitaji muda wa kujitengeneza kabla ya msafiri kuingia, na mwenye miaka mitano anauhitaji kuliko mama yake.

Tena amepokea Abdullahi bin Jaafar (r.a.) kwamba Mtume alipokuwa akirejea safarini, watoto wa nyumba yake walipelekwa kumlaki. Yeye Abdullahi alipakiwa mbele ya mnyama, na mmoja wa wana wa Fatma akapakiwa nyuma, wakaingia Madina watatu juu ya mnyama mmoja. Tazameni mpango huo: mtoto anatoka kumpokea mkubwa, kisha wanaingia mjini pamoja. Hakuna mgeni anayemvamia mtoto ndani ya nyumba yake.

Hata Wanandi, ambao ni jamaa za hao Wakipsigis, zamani walikuwa na mila yao: aliyeua vitani hakurudi nyumbani mara moja, bali alikaa siku nne kando ya mto mpaka atakaswe. Mila hiyo si yetu wala siilinganii. Lakini wazee wale walitambua kwamba mtu hatoki vitani akaingia jikoni siku hiyo hiyo. Askari wa leo anaweza kuwa mpakani asubuhi, na usiku awe kitandani kwake.

Basi kwa yule binti nilisema hivi. Mwaka mzima amri ya nyumba ilikuwa mkononi mwako: saa ya kulala, ada ya skuli, chuo, simu. Mumeo asizigeuze kanuni hizo katika wiki za mwanzo, wala asiwapange watoto kama kikosi. Naye apewe kazi moja ndogo ya kila siku iliyo yake na mtoto, kama kumpeleka chuoni, au kufuatana naye mpaka kituo cha kuuzia majani nyanya anapopeleka kikapu chake. Njia ya matope kati ya michai humfungua mtoto ulimi kuliko kukalishwa sebuleni aulizwe maswali. Akianza tena kukojoa kitandani, hajakosa adabu. Na nyinyi ambao waume zenu bado wako safarini, acheni kuwatisha watoto kwa “ngoja baba yako arudi.” Baba anayetajwa kwa fimbo tu hurudi akiwa fimbo.

Mume nilizungumza naye peke yake, na mengi tuliyosemezana hayaandikwi. Nilimwambia amweleze mtoto, kwa maneno machache, kwamba sauti ya mawe humkumbusha mahali pabaya na kwamba si kosa la mtoto. Hakukubali upesi.

Na yapo yanayozidi mazungumzo: kukosa usingizi wiki kwa wiki, ghadhabu isiyo na sababu, ulevi, mkono kuinuka. Mimi ni katika wanaosoma ruqya, na nasema bila haya kwamba ruqya haimzuii mtu kwenda kwa daktari. Kiwewe cha vita ni maradhi. Jeshi lina hospitali yake Nairobi na lina maimamu, na wake wa wanajeshi wana chama chao cha kitaifa. Mtoto akipigwa au akitishwa, namba 116 hupigwa bila malipo popote Kenya. Na asije mtu akamwambia mwanamke anayepigwa kwamba subira ni kunyamaza. Hiyo siyo subira tuliyofundishwa.

Jirani naye ana sehemu yake. Tumefundishwa kwamba anayeiangalia vyema aila ya aliyetoka kupigana ana fungu katika ujira wake. Sisi huenda siku ya kuaga na siku ya kurudi, na sahani za biriani. Wiki ya tano hakuna anayebisha hodi, na ndiyo wiki niliyofika mimi.

Alhamisi iliyopita binti alinipigia simu. Mtoto bado anauliza ataondoka lini. Ila sasa anamuuliza babake mwenyewe, na babake humjibu kwa siku na tarehe: anarudi kambini Jumatatu, wala si Somalia, na Ijumaa jioni atakuwa nyumbani.