Chombo Kisichotambua Cheti ni Hasara kwa Umma

Kasesya iko mpakani mwa nchi yetu na Zambia, mwisho wa barabara itokayo Sumbawanga kupitia Matai. Fundi atumwaye kupima mtandao usio na waya mahali kama hapo hubeba chombo cha kupimia. Ikiwa mtandao wa ofisi umelindwa kwa vyeti vya kidijitali, chombo hicho hakina budi kukagua cheti cha mtandao kabla ya kuingia. Kisipokitambua, hukataa, na gharama ya safari hupotea bure.

Walimu watalielewa jambo hili upesi. Cheti cha Baraza la Mitihani kina thamani kwa sababu anayekipokea anaujua muhuri wake. Chombo nacho hubeba orodha ya mihuri kinayoiamini. Orodha ikichakaa, hata cheti halali hukataliwa. Saa ya chombo ikipotea, cheti kizima huonekana kimekwisha muda. Tarehe 30 Septemba 2021, cheti cha msingi kiitwacho DST Root CA X3, kilichotegemewa na vyeti vya Let's Encrypt, kilikwisha muda wake. Vifaa vyenye programu za zamani vikashindwa kuwasiliana, ingawa havikuwa na ubovu wowote wa umbo.

Hatari kubwa zaidi ni njia ya mkato. Fundi aliyechoka huzima ukaguzi wa cheti ili kazi iendelee. Kufanya hivyo ni sawa na kumwondoa mlinzi mlangoni kwa kuwa anauliza maswali. Mlaghai aweza kuusimamisha mtandao wenye jina lile lile la ofisi na kuiba neno la siri la mtumishi.

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka vifaa vya mawasiliano viidhinishwe. Hilo ni jema, lakini idhini ya leo haifanyi upya orodha ya vyeti ya kesho. Kwa hiyo yawapasa wanaonunua kwa fedha za umma wamtake muuzaji aahidi, kwa maandishi, miaka atakayoendelea kutoa programu mpya. Chombo kijaribiwe katika mtandao wenyewe kabla ya malipo. Tarehe za mwisho wa vyeti ziandikwe katika daftari la ofisi, na fundi wa wilaya afundishwe kuvibadilisha bila kumngoja mtaalamu kutoka mbali.

Bei nafuu isitudanganye. Chombo kisichoweza kufanywa upya ni ghali tangu siku kinaponunuliwa.