Children of Blood and Bone: Nimekipenda, Lakini Tuambiane Ukweli

Ni kitabu cha uchawi lakini kinaanza na kodi. Hapo tu nikajua tutaelewana.

Msichana anaitwa Zélie. Ako na nywele nyeupe na anaishi Ilorin, kijiji cha wavuvi. Siku moja askari wa mfalme wanaingia kwa Mama Agba, mama mzee anayefundisha wasichana kupigana na fimbo kwa siri. Wamekuja kudai pesa. Kodi ya watu kama Zélie imepanda, na asiyelipa anachukuliwa akafanyishwe kazi kama mtumwa. Baba yake anaingia baharini kutafuta samaki wa kulipa hilo deni, na karibu azame. Nilikuwa kwa mathree nikisoma hiyo sehemu, na kama Mkenya aliyeona ule Mswada wa Fedha wa 2024, nikacheka peke yangu mpaka msee wa kando akaniangalia. Kumbe hata kwa fantasia, mambo ya maajabu yanasubiri kwanza tumalizane na serikali!

Kwa wale hamjakisoma: hiki ni kitabu cha kwanza kati ya vitatu. Mwandishi ni Tomi Adeyemi, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Nigeria, na kilitoka 2018. Nchi ya Orïsha ilikuwa na watu wenye nguvu za miungu. Mfalme Saran akapata mwanya nguvu zilipopotea, akawaua watu wazima wote waliokuwa nazo, mama yake Zélie akiwemo. Watoto wakaachwa, wanajulikana kwa nywele zao nyeupe, wanadharauliwa na kutozwa kodi. Sasa Zélie, kaka yake Tzain na binti wa mfalme, Amari, ambaye ametoroka nyumbani, wana muda mfupi sana wa kurudisha nguvu hizo. Anayewafukuza ni Inan, kaka yake Amari. Kuanzia hapa nitawaharibia uhondo kidogo, kwa hivyo kama hutaki, kisome kwanza halafu urudi.

Nianze na mazuri. La kwanza ni kasi. Kitabu kina kurasa zaidi ya 500 na mimi ni mtu wa kulala kwa ukurasa wa tatu, lakini hiki nilikimaliza kwa siku nne. Sura ni fupi, na kila sura inakuacha mahali pabaya.

La pili ni mfalme. Saran si mbaya tu kwa sababu hadithi inahitaji mtu mbaya. Familia yake ya kwanza iliuawa na watu wenye nguvu. Uchungu wake ni wa kweli. Shida ni kwamba aliuchukua uchungu huo akaufanya sheria, na sheria hiyo ikaangukia watoto ambao hawakuwa wamefanya chochote.

La tatu ni hizo nywele, na hapa lazima niwaambie kitu cha kwetu. Babu yangu yuko Kilifi, na yeye hupaka nywele zake rangi nyeusi. Tukiwa wadogo tulikuwa tunamcheka, tukidhani mzee anataka kurudi ujana. Nikiwa kidato cha pili ndio mama aliniambia ukweli. Huko kwetu mzee mwenye mvi anaweza kuitwa mchawi, na wako wazee waliouawa kwa sababu ya hilo neno moja. Mara nyingi ukichunguza vizuri, unapata kulikuwa na shamba ambalo mtu fulani alikuwa analimezea mate.

Kwa hivyo venye nilifungua kitabu nikapata nchi ambapo nywele nyeupe zinatosha watu wakuogope na wakuwinde, hiyo kwangu haikuwa fantasia. Ilikuwa ni babu akiwa na chupa ya rangi kwa mkono, ameinama mbele ya kile kioo kidogo cha kunyolea ndevu.

Na ndio maana makosa ya hiki kitabu yaliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeshakiamini.

Kosa kubwa ni mapenzi ya Zélie na Inan. Manze, hapo walinipoteza kabisa. Huyu ni kijana ambaye askari aliokuja nao wamechoma kijiji cha kina Zélie, na watu wamekufa. Anamfukuza msichana nchi nzima akitaka kumuua. Halafu ndani ya muda mfupi sana wanaangaliana na moyo unadunda? Sisemi haiwezekani. Inan mwenyewe anagundua ana nguvu anazozichukia, na vita vyake na nafsi yake ni kati ya vitu bora humu ndani. Lakini msamaha kama huo unahitaji muda, na mwandishi hakutupa. Mtu akichoma kwenu, hata akilia mbele yako machozi ya kweli, bado kwenu kumeungua. Nilitaka Zélie akae na hasira yake kurasa mia nyingine.

Kosa la pili ni sauti. Hadithi inasimuliwa na watu watatu: Zélie, Amari na Inan, na wote wanasema "mimi". Kuna mahali ilibidi nirudi mwanzo wa sura kuangalia jina ndio nijue ni nani anaongea. Mmoja amelelewa kwa mvuvi, wawili wamelelewa ikulu, lakini wakiwa na uchungu wote wanauelezea kwa maneno yaleyale. Maskini Tzain naye, anayebeba mizigo na kuwagombeza, hapewi hata sura moja.

La tatu ni dogo. Wanyama. Simba mkubwa mwenye pembe anaitwa lionaire, panther anaitwa panthenaire. Yaani ni kuongeza mkia kwa jina tu. Na kama umetazama katuni ya Avatar, yule mwana wa mfalme anayewinda shujaa ili baba yake amkubali utamtambua kutoka mbali.

Najua kuna wenye watasema: wacha kukosoa, hivi vitabu vyetu ni vichache, tuviunge mkono. Mimi sikubali. Tukisifu kitu kwa sababu kina majina ya Kiafrika tu, tunakichukulia kama mtoto anayepigiwa makofi kwa kujaribu. Vitabu vya wazungu vyenye mazimwi tunavichambua mpaka mfupa. Hiki nacho kinastahili kuchambuliwa hivyo hivyo, tena zaidi, kwa sababu kinabeba vitu vyetu. Adeyemi mwenyewe anaeleza kwenye kurasa za mwisho kwamba alikiandika akiwa na uchungu wa kuona watu weusi wakipigwa risasi na polisi Marekani. Kitabu cha uzito huo kinaweza kuambiwa ukweli na bado kisimame.

Uamuzi wangu: nane kwa kumi. Kisome. Vumilia mapenzi, furahia vita, na ukifika mwisho jiandae, kwa sababu unakuacha katikati ya barabara.

Desemba nilienda ushago nikamsimulia babu yote, jioni, tukiwa nje. Alisikiliza kimya mpaka mwisho. Nilidhani ataniuliza kuhusu miungu au wale simba wenye pembe. Akaniuliza, "Na hao wa nywele nyeupe, mwishowe wanaachwa waishi?"

Nikamwambia, "Babu, kuna vitabu viwili zaidi."

Akacheka, akajipapasa kichwa. "Basi ukija tena, uje navyo."