Jina Liandikishwe Kabla ya Mzigo Kupakiwa

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliopitia chuoni tunakumbuka pia kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Hapana shaka, basi, kwamba kuandika ni jambo tulilofundishwa tangu utotoni. La kusikitisha ni kwamba tunaandika magunia, tunaandika pishi na ratili, lakini mali moja kubwa tunaiacha nje ya daftari. Mali hiyo ni jina.

Leo vikundi vya kina mama vinavyotengeneza sabuni za mwani, wafanyabiashara wa viungo na wauzaji wa mafuta ya makonyo wanatafuta masoko Uarabuni, Ulaya na Marekani. Juhudi hizo tunaziunga mkono kwa dhati, kwani kuuza bidhaa iliyokwisha tengenezwa kuna faida kuliko kuuza mali ghafi. Lakini ni wajibu wetu kuwakumbusha jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha chelewa: alama ya biashara hulindwa katika nchi ilimoandikishwa tu.

Zanzibar inayo Sheria ya Mali za Viwandani, Namba 4 ya mwaka 2008, na daftari lake liko kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Daftari hilo lina nguvu Unguja na Pemba. Hata ukivuka maji kwenda Dar es Salaam unakuta daftari jingine, chini ya sheria ya Bara ya mwaka 1986. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo baina yetu na ndugu zetu, itakuwaje Dubai au London? Tena ziko nchi nyingi ambamo anayetangulia kuandikisha ndiye mwenye haki, hata kama mwingine ameitumia alama hiyo kwao kwa miaka mingi.

Asidhani mtu kwamba tunatishana. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kuandikisha neno "Kikoy" huko kwao liwe alama yake. Vazi la baba zetu, linalojulikana pwani nzima, lilikuwa karibu kugeuzwa mali ya mtu mmoja katika soko lile, na wauzaji kutoka Afrika ya Mashariki wangeweza kuzuiwa kulitumia jina hilo. Pingamizi liliwekwa, na mwaka 2008 ombi likaachwa. Tulishukuru. Lakini muda wa kupinga ombi huhesabiwa kwa miezi, na asiyekuwa na mtu wa kumwangalilia huko hupata habari mlango umekwisha fungwa.

Ethiopia haikungoja. Mwaka 2005 ilipeleka Marekani maombi ya kuandikisha majina ya kahawa yake: Sidamo, Harar na Yirgacheffe. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa huko kilipinga, na mabishano na kampuni ya Starbucks yakasikika dunia nzima. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilitia saini mkataba wa kuyatambua majina hayo kuwa ni ya Ethiopia. Tunachojifunza ni kwamba serikali ya nchi maskini, ikisimama na wakulima wake na hati mkononi, husikilizwa.

Mfanyabiashara wetu afanye nini? Kwanza, achunguze kama alama yake haijachukuliwa katika nchi anayokusudia kuuza. Pili, apeleke ombi kabla ya maonyesho na kabla ya shehena ya kwanza, kwa bidhaa zote anazotazamia kuuza, kwani viungo na sabuni haviandikwi katika fungu moja. Tatu, ahakikishe kwamba alama inaandikishwa kwa jina lake mwenyewe, wala si kwa jina la wakala wa kumuuzia. Wakala leo ni rafiki, kesho huenda akawa mshindani. Nne, akishaiandikisha aitumie na kuilipia upya muda ukifika, maana alama iliyolala huweza kufutwa.

Ama jina la Zanzibar lenyewe, hilo ni la mahali, na haifai limilikiwe na mtu mmoja. Njia yake ni alama ya pamoja, au kiashiria cha kijiografia, ambavyo sheria yetu inavitambua. Lakini tusidanganyane. Alama hiyo ni ahadi. Tukipeleka karafuu mbichi au zilizochanganywa na takataka, tutakuwa tumeliharibu jina letu kwa mikono yetu, na hapana mahakama ya ugenini itakayoturudishia.

Kwa viongozi tunasema haya. Gharama za kuandikisha ng'ambo na kumlipa mwanasheria huko hazibebeki na kikundi cha kina mama ishirini. Kumwambia mama wa Paje au Jambiani "nenda ukaandikishe" bila kumsaidia ni kumkebehi. Tunaishauri Serikali itenge fungu maalumu la kazi hiyo, na maofisa wa usajili wawafuate wananchi vijijini, Unguja na Pemba, badala ya kuwangoja mezani. Balozi zetu nazo ziyaangalie magazeti ya alama za biashara katika nchi zilimo, na zitoe habari mapema.

Mkulima anayepanda juu ya mkarafuu huhatarisha maisha yake. Heshima ya karafuu hiyo imejengwa na jasho lake na la wazee wake. Kumwachia mgeni aivune heshima hiyo kwa karatasi moja tu, kwa sababu sisi tulichelewa kuandika, ni dhulma ambayo hatutakuwa na udhuru mbele ya watoto wetu. Daftari lifunguliwe sasa.