Chukudu kwenye barieri: ni kinga, ni gari, ao ni mfuko wa pesa?

MASISI. Chukudu ni chombo gani? Ikishuka mteremko wa Mushaki kuelekea Sake, mwenyewe amepiga goti juu ya ubao, wenye barieri wanasema ni kinga, alipe ya kinga. Ikijaa magunia ya makala, inageuka gari ya mizigo. Na ikibeba godoro na masufuria ya familia inayokimbia vita, hapo haina jina tena, ina bei tu. Jina linalochaguliwa ni lile lenye kuingiza franka nyingi.

Wanaoiweka kundi moja na gari wanajitetea kwamba haina pedali, basi si kinga. Hoja hiyo haisimami. Chombo ambacho kinga zote zimetoka kwake, kile cha Mjerumani Karl Drais cha mwaka 1817, kilikuwa cha mbao, bila pedali, na mtu alikisukuma kwa kukanyaga chini. Ni chukudu kabisa, ila bila magunia! Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya barabara nao unahesabu kuwa kinga chombo chenye magurudumu mawili ao zaidi kinachoendeshwa kwa nguvu ya misuli ya waliokipanda tu. Pedali zimetajwa kama mfano. Chukudu haina mota, haina tone la mafuta.

Upande mwingine kuna kinga za kweli, zenye pedali na mnyororo, ambazo hakuna anayezipanda: zimefungwa mikungu ya ndizi, mwenyewe anatembea kando akisukuma toka asubuhi. Huyo naye anaendesha nini? Anatembea kwa miguu na mzigo wake.

Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walihesabu barieri 798 katika Kivu zote mbili. Mkulima wa Masisi hakuhitaji hesabu hiyo, anazijua kwa mfuko wake. Na pale Goma chukudu imejengewa sanamu ya rangi ya dhahabu, kwa heshima ya watu hao hao wanaokamuliwa njiani.

Wanaoshika barabara, wawe wa upande gani, waache kubishana juu ya magurudumu. Kama lazima watoze, watoze bidhaa ya biashara, bei iandikwe kwenye kibao, jetoni itolewe, na vyombo vya nyumba vya aliyehama vipite bure. Maana jioni chukudu inarudi tupu, na bado inasimamishwa. Hapo inalipia mzigo gani?