Tuonyesheni Mkataba Kabla Hamjatutia Deni

Makamanda, kila tukigusa deni la taifa tunajibiwa neno moja: deni ni himilivu. Sawa. Himilivu kwa nani?

Mkulima wa Muheza anaijua biashara hii vizuri tu. Msimu bado, ada ya mtoto inadaiwa, anatokea mtu ana hela mkononi, ananunua machungwa yangali machanga mtini. Bei anapanga yeye, kwa sababu yeye ana hela na wewe una shida. Yakiiva, faida si yako. Mabenki makubwa ya dunia nayo yanafanya hivyohivyo, ila shamba lao ni nchi nzima, na anayetia sahihi siye atakayelipa.

Mfano upo. Machi 2013 Serikali ya CCM ilikopa dola milioni 600 kwa hati fungani zilizouzwa na Standard Bank ya London pamoja na Stanbic Tanzania. Miaka 7, riba isiyotulia: kiwango cha LIBOR cha London, halafu asilimia 6 juu yake. Yaani riba ya dunia ikipanda, tunaumia sisi. Mkopeshaji analala usingizi.

Ada ya kuupanga mkopo ilitajwa kwanza kuwa asilimia 1.4. Ikapanda hadi 2.4. Ile asilimia 1 ya nyongeza, dola milioni 6, ikaenda kwa kampuni ya hapahapa nchini, EGMA. Mwenyekiti wake alikuwa nani? Kamishna Mkuu wa TRA wa wakati huohuo! Haukuonekana ushahidi kwamba EGMA ilifanya kazi yoyote, na sehemu kubwa ya hela ilitolewa taslimu ndani ya siku chache. Dalali wa machungwa walau anaingia shambani akahesabu miti.

Nani alishtuka? Si Bunge letu. Ni wafanyakazi wa Stanbic, kisha benki ikajiripoti kwa mamlaka za Uingereza. Novemba 2015 mahakama ya London ikaidhinisha makubaliano: Tanzania ilipwe dola milioni 7, yaani ile 6 na riba yake. Zaidi ya dola milioni 25, faini pamoja na faida iliyorejeshwa, zikabaki Uingereza. Hela imechotwa kwenye mkopo wetu, fungu nono limeenda kwao.

Tusijidanganye kwamba haya ni ya jana. Reli ya Tanga ilianza kujengwa na kampuni ya Kijerumani mwaka 1893, ikafika hapa Muheza 1896, hela ikaisha. Mwaka 1899 serikali ya Ujerumani ikaubeba mzigo. Faida ya wachache, hasara ya umma: mchezo huu umepita kwetu zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Wapo watakaosema wale walikuwa watu wachache na walishitakiwa. Ni kweli walishitakiwa. Lakini mlango waliopitia je? Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali, Sura ya 134, ya mwaka 1974, inampa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa kwa niaba ya Serikali. Bunge linapitisha jumla ya mikopo kwenye bajeti. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba, lakini ile tu ambayo masharti yake yenyewe yanataka iridhiwe. Sasa benki gani itajiandikia sharti hilo?

Hatupingi kukopa. Barabara, maji na reli vinataka fedha. Tunachodai ni Sura ya 134 irekebishwe: kila mkataba wa mkopo wa kibiashara ufike bungeni kabla ya sahihi, ukionyesha riba, ada, mawakala na wamiliki halisi wa kampuni za hao mawakala. Na uchapishwe kwa Kiswahili, bibi yangu ausome, maana naye ni mdaiwa.

Eti itachelewesha maendeleo. Deni la miaka 7 linashindwa kusubiri wiki mbili lisomwe?

Kazi yako, kijana mwenzangu: mbunge wako akija kwenye mkutano, usimwombe jezi wala mpira. Muulize mbele za watu: Mheshimiwa, ni mkataba gani wa mkopo umewahi kuusoma kabla haujasainiwa? Kisha nyamaza, umsikilize.